Utoto na Urithi wa Watu Mashuhuri wa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mwaka: kwa wanafunzi wanaoletwa Fort Jesus na walimu wao, kwa wageni wanaotembezwa Ndia Kuu, na kwa wenyeji wanaobishana barazani baada ya sala ya Alasiri. Majibu yamepangwa kuanzia yaliyo mepesi hadi yenye utata, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kwa nini utoto wa watu wa kale wa Mombasa haujulikani kama yanavyojulikana matendo yao ya ukubwani?

Mtoto wa zamani hakuwa na mwandishi wake. Karatasi zilizobaki, yaani hati za mashamba, barua za watawala, wasia na maandishi ya makaburini, zinamhusu mtu aliyekwisha kuwa na mali, cheo au kesi. Utoto uliotufikia ni ule ambao mtu fulani alikuwa na haja nao. Wareno waliuandika utoto wa Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyewaasi, kwa kuwa kanisa lao lilichunguza mambo aliyoyatenda. Mmisionari Krapf aliuandika wa kwake kwa kuwa aliuona mkono wa Mungu ndani yake. Profesa Ali Mazrui aliusimulia wa kwake kwa kuwa alijua unawashangaza wasikilizaji. Ndiyo maana majibu yafuatayo yanarudi mara kwa mara kwenye jambo moja: ni nani aliyetuhifadhia habari hii, na alitaka nini.

Mbona mwaka wa kuzaliwa wa mtu mmoja hutofautiana kutoka kitabu hadi kitabu?

Sababu kubwa ni kalenda. Familia za Waislamu wa mwambao ziliandika uzazi kwa mwaka wa Hijria, nao ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11. Mwaka 1308 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Agosti 1890 ukaisha Agosti 1891. Anayeugeuza bila kuujua mwezi anaweza kuandika 1890, mwenzake akaandika 1891, na kila mmoja akawa na hoja. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa ndani ya mwaka huo huo, na 1891 ndio unaotumiwa zaidi.

Kwa watu waliokulia nje ya mji, hesabu ilifungwa kwenye tukio: njaa fulani, rika fulani, vita vya Mbaruk. Ukiona mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa namna hiyo umeandikwa pasipo neno "yapata", basi utilie shaka.

Je, Mwana Mkisi na Shehe Mvita walikuwa watu wa kweli?

Wenyeji wanawataja kuwa waasisi wa mji: Mwana Mkisi, malkia wa zamani wa Kongowea, na Shehe Mvita aliyeshika utawala baada yake na kuuingiza mji katika enzi ya Uislamu. Habari zao zimepokewa kwa mdomo. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, alikuta watu Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, lakini hakuwataja wawili hao.

Hata hivyo, kuziita habari hizo uongo ni haraka isiyo na faida. Masimulizi haya yalifanya kazi ya katiba. Thenashara Taifa, yaani makundi 12 ya wenyeji yaliyogawanyika katika Tisa Taifa na Tatu Taifa, yaliyatumia kueleza nani alitangulia, nani alikaribishwa, na nani ana neno katika mambo ya mji. Jina Mvita lingali hai kwenye eneo bunge na katika lahaja ya Kimvita.

## Watawala na waasi

Yusuf bin Hasan ni nani, na kwa nini wengine humwita Dom Jerónimo?

Ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na majina yenyewe ndiyo kisa chake. Baba yake, Sultan Hasan bin Ahmad, alitoka katika ukoo wa watawala wa Malindi ambao Wareno waliuhamishia Mombasa baada ya kuuteka mji na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Urafiki haukudumu. Sultan Hasan aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara upande wa Rabai, na huko akauawa mwaka 1614 na watu waliolipwa na Wareno. Mwanawe alikuwa mtoto wa miaka kama saba.

Mtoto huyo alipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno nchini India, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino. Akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akasomeshwa, na akamwoa Isabel Varela. Akapewa pia heshima ya ushujaa ya kikristo ambayo Waafrika wachache mno walipata kuivaa. Kwa Wareno alikuwa ushahidi kwamba mtoto akichukuliwa mapema hugeuka kuwa mtu wao kabisa. Katika miaka ya 1620 wakamrudisha akiwa mfalme wa Mombasa.

Mji aliourudia ulikuwa umemzoea kama mgeni. Waislamu walimwona Mkristo, Wareno walimwona mtu wa kuamrishwa, na kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, hakumficha dharau yake. Kwa mujibu wa ushahidi wa Kireno, Yusuf alionekana usiku kwenye kaburi la baba yake akiomba kwa desturi ya Kiislamu, na habari zikamfikia kapteni. Agosti 1631 aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamchoma kapteni kisu, akatangaza kwamba yeye ni Yusuf bin Hasan, Mwislamu. Siku zilizofuata Wareno wa mji, mapadri wao na Waafrika Wakristo waliokataa kuacha dini waliuawa.

Mapema mwaka 1632 manowari zilitoka Goa kuja kuirudisha ngome, zikashindwa. Yusuf hakungoja zirudi tena: aliiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapanda jahazi, na kwa miaka iliyosalia akawa mwindaji wa vyombo vya Wareno baharini hadi alipofariki Jeddah mwaka 1638.

Tumfundishe mtoto kwamba Yusuf alikuwa shujaa au muuaji?

Swali hili huulizwa na walimu kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi. Aliupinga utawala uliomuua baba yake, na aliua watu wasiokuwa na silaha, wakiwemo wanawake na watoto. Mambo yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wa miaka 14 anaweza kuyabeba pamoja.

Lakini afundishwe pia chanzo cha habari. Karibu yote tunayoyajua kuhusu siku zile yanatokana na mashahidi walioapishwa Goa, wakati kanisa lilipokuwa likitafuta kuthibitisha kwamba waliouawa walikufa mashahidi wa dini. Hakuna aliyemwapisha Mswahili wa Mombasa. Ukija Fort Jesus, inua macho juu ya lango kabla hujaingia. Kuna jiwe la mwaka 1635 ambalo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira alilichonga kujisifu: kwamba akiwa na umri wa miaka 27 ndiye kapteni wa ngome, ameijenga upya, na amewaadhibu watu wa mwambao. Jiwe hilo ni jibu la Wareno kwa Yusuf, na yeye mwenyewe hakupata kuweka lake.

Mbaruk aliyepigana na Waingereza ni yupi? Mbona wapo wengi?

Wapo wengi kweli, na mkanganyiko huu umeharibu insha nyingi. Mwaka 1895 palikuwa na akina Mbaruk wawili, wote wa ukoo wa Mazrui na wote bin Rashid. Mdogo alikuwa wa Takaungu, na ugomvi wake na Waingereza juu ya nani arithi utawala wa huko ndio uliowasha moto. Mkubwa, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekuwa amezoea kupigana na serikali ya Zanzibar tangu ujana wake, aliingia vitani baadaye, na jina lake ndilo lililobaki. Mwezi wa Aprili 1896 alivuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, na alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Sir Mbarak Ali Hinawy, ambaye barabara ya Mji wa Kale imepewa jina lake, ni mtu mwingine kabisa. Alikuwa liwali wa karne ya 20, aliyefariki mwaka 1959.

## Washairi na wanavyuoni

Muyaka bin Haji alizaliwa wapi, na alisomea wapi utungaji?

Alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, wakati Mazrui walipokuwa wakiutawala mji bila kuitii Omani. Shule ya utungaji haikuwapo. Mtoto alipelekwa chuoni kusoma Kurani, akajifunza herufi za Kiarabu, na sikio lake likalelewa na tenzi zilizosomwa majumbani na misikitini. Muyaka alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri baharini, na katika mashairi yake kuna tanga, pepo na nahodha kama walivyo kwa mtu aliyewahi kulowa.

Umuhimu wake ni kwamba aliutoa ushairi katika mambo ya ibada akauleta sokoni na barazani. Shairi la mistari minne, kila mstari mizani 16 zilizogawanyika nane kwa nane, lilikuwa mikononi mwake silaha ya siasa, barua ya mapenzi, utani kwa rafiki na malalamiko ya mtu aliyefilisika. Aliwaunga mkono Mazrui dhidi ya Lamu na dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani, akaishi hadi kuona Mombasa ikiangukia mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837, na akafariki yapata 1840.

Ikiwa hakuchapisha kitabu, mashairi yake tumeyapataje?

Kwa kazi ya mtu ambaye watalii hawamuulizi kamwe: Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa. Zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha Muyaka, Mwalimu Sikujua aliyakusanya mashairi kutoka kwa wazee waliokuwa bado wameyahifadhi, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor maneno magumu na visa vilivyozaa kila shairi. Maandishi hayo yakaenda London, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha diwani huko Johannesburg.

Kwa maoni yangu, Sikujua anastahili jina la barabara kuliko wengi waliopewa. Bila yeye Muyaka angekuwa jina tu katika vinywa vya watu wachache wa Kibokoni.

Je, ni kweli Sheikh al-Amin Mazrui alilelewa yatima?

Ni kweli. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, naye mwanachuoni, alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa bado mdogo sana. Malezi na masomo yake yakashikwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui. Baadaye alisoma pia kwa masheikh wakubwa wa Zanzibar, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumait.

Jambo linalomtofautisha na wanavyuoni wa kabla yake ni gazeti. Mwaka 1930 alianza kutoa *al-Sahifa*, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha *al-Islah*. Humo aliwakaripia Waislamu wa mwambao kwa gharama za harusi na matanga, kwa kuuza ardhi ovyo, na kwa kuwanyima watoto elimu ya kisasa, wa kike wakiwemo. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, walikuja kukikalia kiti hicho hicho.

Profesa Ali Mazrui alifeli shule kweli?

Alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na daraja hilo halikumfikisha Makerere. Tukumbuke kwamba baba yake, ambaye ndiye Sheikh al-Amin wa jibu lililotangulia, alikuwa amefariki mwana akiwa na miaka 14, na alikuwa na matumaini kwamba kijana angekwenda kusoma al-Azhar nchini Misri. Badala yake kijana akawa karani katika taasisi ya ufundi ya Waislamu Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kilichomtoa hapo ni ulimi. Katika hadhara ya Maulidi ya Mtume alitoa hotuba mbele ya gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, na gavana akavutiwa naye. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza kumaliza sekondari Huddersfield, kisha Manchester, Columbia na Oxford, na katika miaka ya 1960 akawa profesa wa Makerere ile ile iliyokuwa imemkataa. Alifariki Marekani Oktoba 2014, akazikwa kwenye makaburi ya Mazrui yaliyo karibu na Fort Jesus, kama alivyousia. Wazazi hupenda kukitumia kisa hiki kuwafariji watoto walioanguka mtihani, ila husahau kuwaambia kwamba nyumba aliyokulia ilijaa vitabu na mijadala ya kidini.

## Waliokuja kutoka mbali

Krapf alikuwa mtu wa aina gani kabla ya kufika Mombasa?

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, katika familia ya mkulima. Mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa mvulana jirani alimpiga vibaya kwa kosa lisilokuwa lake, akalala kitandani miezi sita, na miezi hiyo ndiyo iliyomfanya msomaji wa Biblia.

Alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo mke wake Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kaburi liko upande wa bara, Mkomani. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Waumini waliowapata walikuwa wachache sana. Urithi wa Krapf uko zaidi katika lugha, kwa kuwa kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882 baada ya kifo chake, imehifadhi maneno ya Kimvita ambayo leo hata wazee hawayatumii.

Na watumwa walioachwa huru wa Frere Town? Kwa nini wao hawana historia ya utotoni?

Wanayo, lakini ilikatwa mara mbili: kwanza na aliyewateka, pili na aliyewabatiza. Mtoto aliyenaswa Nyasa au Uyao, akaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza, alipelekwa pengine hadi Nasik nchini India, akapewa jina la Kiingereza na kufundishwa ufundi. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar, wengi wao waliletwa Mombasa kuanzisha makazi ya Frere Town, Kisauni. Kengele iliyowekwa hapo kuwahadharisha juu ya wakamataji ndiyo iliyozaa jina la Kengeleni, ambalo makondakta wa matatu hulitangaza kila siku bila kufikiria.

Mfano mmoja ni William Jones, Myao aliyesomeshwa Nasik na kupewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huo huo aliongoza msafara pamoja na Askofu Hannington kuelekea Buganda. Askofu alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba, Jones ndiye aliyewakusanya waliobaki na kuwarudisha Rabai kwa miguu, mbele yao bendera ya buluu yenye neno moja jeupe, *Ichabod*, maana yake utukufu umeondoka. Kanisani husomwa habari za askofu. Habari za aliyewarudisha watu nyumbani hazisikiki sana.

Allidina Visram alikuja Afrika akiwa tajiri?

La. Alizaliwa mwaka 1851 Kera, eneo la Kutch nchini India, akafika pwani ya Afrika mwaka 1863 akiwa na miaka 12, akafanya kazi Bagamoyo katika biashara ya Sewa Haji Paroo. Kutoka hapo alijenga maduka yaliyoifuata reli hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916, na shule ya Mombasa yenye jina lake ilijengwa na mwanawe.

Reitz wa Port Reitz alifanya nini hata akapewa mahali pakubwa hivyo?

Hakufanya mengi. Alikuwa luteni kijana aliyeachwa Mombasa Februari 1824 kusimamia ulinzi wa Kiingereza ambao Mazrui waliuomba kwa Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza, na kufikia mwisho wa Mei homa ilikuwa imemuua.

## Maswali ya pembeni

Mekatilili wa Menza anahesabiwa katika watu wa Mombasa?

Hapana. Alikuwa Mgiriama wa bara ya Kilifi, na jina lake la kuzaliwa linapokewa kuwa Mnyazi. Mekatilili maana yake mama yake Katilili. Masimulizi ya Wagiriama yanasema kwamba utotoni alishuhudia ndugu yake akichukuliwa na wafanyabiashara ya utumwa. Mwaka 1913 alizunguka akicheza ngoma ya kifudu na kuwalisha watu kiapo wasiwape Waingereza vijana wa kibarua wala kodi. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, na mwaka 1914 wakatoroka na kurudi kwa miguu.

Huulizwa Mombasa kwa sababu vibarua waliokuwa wakitakiwa walikuwa wa kazi za nje ya nchi yao, mji huu ukiwemo.

Chege Kibachia hakuwa mtu wa Pwani. Anaingiaje hapa?

Anaingia kwa sababu jina lake lilitengenezwa Mombasa. Alitoka Kiambu, akasoma shule ya Alliance, na alipofika Mombasa baada ya Vita Kuu ya Pili alikuta makuli wa bandari wakilala kwa zamu kitanda kimoja. Mgomo wa Januari 1947 ulisimamisha bandari, reli na mahoteli kwa siku kama 12, na mikutano ikafanyika uwanja ambao watu wenyewe waliubatiza Kiwanja cha Maskini. Agosti Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi hao, alikamatwa na kuzuiliwa Kabarnet kwa miaka kama kumi.

Wanawake wa Mombasa wako wapi katika orodha hii?

Wako, ila ukitafuta kwa majina ya barabara hutawaona. Mwaka 1989 kilichapishwa kitabu cha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, nacho kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1991. Ndani yake utoto unasimuliwa na waliouishi: unyago, ngoma ya lelemama, kazi za nyumba, mjakazi na bibi yake wakizeeka pamoja. Kwa anayetaka kujua mtoto wa kike alivyokua Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, hakuna cha kukipita.

Babu yangu alikuwa mtu maarufu lakini hatajwi popote. Nianzie wapi?

Anza na mwanamke mkongwe kuliko wote katika nyumba, kabla ya ofisi yoyote, naye umuulize habari za harusi na misiba, maana ndizo zinazobeba majina na mwaka. Kisha tafuta hati za shamba na vyeti vya ndoa vya kadhi. Ukipata maandishi ya herufi za Kiarabu usiyatupe kwa kudhani ni dua; huenda ikawa ni Kiswahili.

Niliwahi kuletewa daftari la namna hiyo, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, na mwenyewe akiamini ni kitabu cha tiba. Lilikuwa orodha ya madeni ya duka. Katikati yake, kati ya pishi za mchele na chupa za mafuta ya nazi, mzee aliandika siku na saa ya kuzaliwa kwa kila mtoto wake, na mbele ya mmoja wao aliongeza kwamba mvua ilinyesha usiku kucha.